Kikao cha Kuomba Chuo Mapema

Nyumbani kwetu hakuna jambo lililoamuliwa bila kikao. Kununua gari la pili, kikao. Mama kubadilisha zamu kazini, kikao. Nilipokuwa darasa la nane nikataka kutoboa sikio tundu la pili, baba aliitisha kikao cha watu watatu pale mezani, akaandika ajenda nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, na hoja yangu ikaanguka kwa kura mbili dhidi ya moja. Kwa hiyo sikupaswa kushangaa, mwaka wa mwisho wa sekondari, nilipoambiwa kwamba suala la mimi kuomba chuo mapema litapelekwa kikaoni. Nilishangaa vilevile, na nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona nimeshamaliza kulelewa.

Tulikuwa tunaishi Herndon, Virginia, ghorofa ya tatu, katika majengo ya matofali mekundu ambako ndege zilipita chini kiasi kwamba watu walizoea kunyamaza katikati ya sentensi, wakangoja, kisha wakaendelea pale walipoachia. Baba alifanya kazi uwanja wa ndege wa Dulles, upande wa mizigo, akiingia saa kumi jioni. Mama alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee, na alikuwa akirudi na hadithi zao kama mtu anayerudi na habari za majirani. Kwetu ni Singida. Nilikuja Marekani nikiwa na miaka tisa, ndiyo maana Kiswahili changu hakikupotea kama cha wenzangu waliozaliwa huku, ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza na tabasamu la kuomba radhi.

Chuo nilichokitaka kilikuwa kidogo, katika milima ya Pennsylvania, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari. Shule ilitupeleka kukitembelea mwezi wa tano. Nilikipenda kwa sababu ambazo nikizisema leo naona haya kidogo: majengo ya mawe, wanafunzi waliolala kwenye majani wakisoma bila viatu, na profesa mmoja wa biolojia aliyeniuliza swali kisha akakaa kimya hadi nilipopata jibu. Kwetu ukichelewa sekunde mbili umeshajibiwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshahamia.

Mshauri wa shule, mama mmoja wa Kimarekani mpole aliyekuwa na bakuli la pipi mezani ambalo halikuwahi kupungua, alinieleza utaratibu. Ukipeleka maombi mwanzoni mwa Novemba, unajibiwa katikati ya Desemba, wakati wenzako ndio kwanza wanahangaika na insha za maombi, nao majibu yao ni mwezi wa nne. Nafasi ya kuchukuliwa nayo inakuwa nzuri zaidi. Lakini sharti ni kwamba wakikukubali ni lazima uende, na maombi yako kwingine kote unayafuta. Kama msaada wa ada hautoshi kabisa, unaweza kuomba kuachiwa; zaidi ya hapo hakuna mlango. Ndiyo maana fomu ile ilitaka sahihi tatu: yangu, ya mzazi, na yake yeye mshauri. Akaongeza kwamba mwanafunzi akivunja ahadi, chuo hukumbuka jina la shule, na wanaoumia ni wa mwaka unaofuata. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Kwa kweli nilikuwa nahesabu wiki za kufika Desemba.

Siku hiyo hiyo nilipotoka shule, baba hajaenda kazini, nilimwekea fomu mezani, kando ya chai yake.

"Baba, nimeshaifill yote. Wewe unasign tu hapa chini."

Baba hasaini tu. Alivaa miwani, akaisoma fomu kutoka juu mpaka chini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi, akairudia tena. Kisha akaitia ndani ya jalada la kijani alimoweka makaratasi yetu ya uhamiaji na vyeti vya kuzaliwa, akanywa chai yake. Siku tatu zikapita. Siku ya nne akanitangazia kikao.

Kiliitishwa Jumamosi saa nane mchana, kikaanza saa tisa na nusu, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatoka Columbia, kule Maryland, na alikwama kwenye foleni. Mwenyekiti alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, mtu ambaye amekuwa mwenyekiti wa kila kitu, harusi kwa misiba; nina hakika hata akilala anaota yuko meza kuu. Katibu alikuwa anti, jirani yetu Mkenya wa mlango wa pili, nesi, ambaye si ndugu yetu kwa damu lakini alikuwa ameshahudhuria vikao vyetu vingi hadi akanunua daftari maalumu. Wajumbe waliobaki ni baba na mama. Mimi niliandikwa kama mhusika, bila kura.

"Sasa maisha ni yangu na kura sina?" niliuliza.

"Hoja hiyo itaingia kwenye mengineyo," mjomba alisema, akaomba tusimame kwa sala.

Anti ndiye aliyefungua mjadala, kalamu mkononi. "Mimi hata sioni tunadiscuss nini. Mtoto ako na marks, chuo anaitaka, si aapply? Angekuwa wangu, hiyo fomu ningekuwa nimeshapost kitambo."

"Mimi sikatai asome," mama alisema. Alikuwa hamtazami anti, alikuwa anatazama sahani ya maandazi. "Lakini kuna chuo hapo Annandale. Anaanza pale miaka miwili, analala kitandani kwake, anakula chakula cha kueleweka, halafu ndio aende huko milimani akiwa mtu mzima."

"Mama, nina seventeen already."

"Ndicho ninachosema. Kumi na saba."

Mjomba alikohoa kidogo kutuliza kikao, akamgeukia baba. "Shemeji, naona kinachokusumbua ni huu mkataba. Usikutishe. Mtoto asaini. Wakimchukua, tunamshukuru Mungu. Kikitokea kingine baadaye, kikubwa zaidi, anakwenda huko kikubwa. Nani atakuja kumkamata? Watatuma polisi hapa Herndon?"

Anti alicheka hadi akaweka kalamu chini. Mama naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilidhani hapo ndipo nimeshinda. Baba hakucheka.

"Mimi nimewahi kusaini karatasi ya namna hii," alisema.

Nilijua kwamba baba alikuja Marekani kusoma, kabla yetu, na kwamba kule Singida alikuwa bwana shamba wa wilaya. Hadithi hiyo ilikuwa inasimuliwa nyumbani kama hadithi ya mtu aliyefaulu. Sehemu ya mkataba sikuwahi kuisikia. Alipewa miaka miwili ya masomo, akasaini kwamba akimaliza atarudi kuitumikia ofisi yake kwa miaka mitano. Alimaliza. Hakurudi. Alipata kazi, kisha akapata kibali cha kuishi, kisha tukaja sisi.

"Nyuma yangu kulikuwa na mwenzangu mmoja, mtaalamu wa mbegu," baba alisema. "Mimi nikirudi, yeye ndiye alikuwa afuate. Walinisubiri, wakachoka, nafasi ikafutwa. Hakwenda popote. Alikuwa na akili kunizidi."

Kikao kilinyamaza, na safari hii hapakuwa na ndege iliyokuwa ikipita. Anti, ambaye huandika kila kitu, hakuandika. Nikakumbuka maneno ya mshauri kuhusu wale wa mwaka unaofuata. Nikamfikiria msichana mmoja wa darasa la kumi na moja, tuliyekuwa tukipanda naye basi moja la shule, ambaye alikuwa ameanza kuniuliza habari za chuo kile na kuandika majibu yangu pembeni mwa daftari la hesabu. Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimecheka pamoja na mjomba kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba jibu lake lilinifaa.

Baba akanigeukia. Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapotaka kusikilizwa.

"Mama, chuo kingine kikubwa cha hapa karibu, chenye jina, kikikuita mwezi wa nne, utakiacha hiki chako?"

"Siwezi."

"Umejibu haraka. Hujafikiri."

Kweli sikuwa nimefikiri. Mjomba, ambaye hapendi kikao kikae kimya muda mrefu, alipigisha kura. Anti ndiyo, mjomba ndiyo, mama ndiyo kwa shingo upande. Baba alisema hana upande. Mjomba akatangaza kwamba hoja imepita na mtoto aombe mapema, kisha akauliza, iko wapi hiyo fomu.

Hapa ndipo tulipoharibu. Kwetu kikao kikishapitisha jambo, wajumbe wanasaini. Hakuna aliyewaza kwamba Wamarekani wanaposema mzazi wana maana ya mzazi mmoja mwenye kalamu moja. Ahadi ya mtoto ilikuwa imebebwa na kikao kizima, basi kikao kizima kiweke mkono. Baba akaitoa fomu kwenye jalada la kijani, akaisukuma mezani. Mjomba akasaini kwenye nafasi ya mzazi kwa herufi zake kubwa za kujikunja, akaandika chini yake "Mwenyekiti". Anti akasaini pembeni, "Katibu". Mama akatafuta nafasi, akaipata juu ya maelezo ya chuo, akasaini "Mjumbe". Nami nilisimama pale nikitabasamu kama bibi harusi, na sikuona tatizo lolote.

Fomu ilipomfikia baba, alisema mkono wake una mafuta ya maandazi, atasaini baadaye. Baba alikula andazi moja tu siku ile, na alikula kwa kitambaa cha karatasi.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea mshauri fomu hivyo hivyo, nikitumaini kukosekana kwa sahihi ya baba hakutaonekana kwa wingi wa wino. Aliitazama kwa muda. Akauliza, kwa upole wake, baba yangu ni yupi kati ya hawa. Nikasema hakuna. Akauliza hawa ni nani. Nikaanza kueleza habari za kikao, mwenyekiti na katibu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuuma midomo ili asicheke, mpaka akashindwa, nami nikashindwa, tukacheka wote wawili mpaka wa chumba cha pili akachungulia. Alinipa fomu mpya. Ile ya kwanza aliomba abaki nayo yeye. Akasema mpya aipate kesho asubuhi, imesainiwa na mzazi mmoja, lakini awe mzazi aliyekubali kweli.

Nilirudi nyumbani saa tisa hivi. Mama alikuwa bado kazini. Baba alikuwa sebuleni akipiga pasi shati lake la kazi, kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine yeyote, kwa sababu alisema sisi tunapiga pasi shati kama tunafukuza kuku. Nikamweleza kwamba fomu imekataliwa. Alicheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi, hasa nilipofika kwenye neno "Mwenyekiti". Kisha akaiona fomu mpya mkononi mwangu, tupu, na chini yake nafasi moja ya mzazi.

"Mama, kaa."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi.

"Hii karatasi inasema ukichaguliwa utakwenda. Wewe utakwenda?"

Safari hii nilijaribu kufikiri kabla ya kujibu, na nilichokikuta humo ndani hakikunipendeza. Nilitaka chuo kile, hilo lilikuwa kweli. Lakini vilevile nilitaka kuingia darasani mwezi wa kumi na mbili nikiwa nimeshamaliza, wenzangu wakinionea wivu. Nikajiuliza ningekitaka vilevile kama ningejibiwa pamoja na watu wengine wote, mwezi wa nne, bila mtu kunitazama. Nikaona ningekitaka. Nikafurahi sana kuona hivyo, nikafungua mdomo, na kama kawaida yangu nikapitiliza.

"Nitakwenda, Baba. Na nitakuwa narudi kila mwezi, kuna basi, nimeshacheck. Thanksgiving nitarudi, Krismasi nitarudi, na nikimaliza nitarudi kufanya kazi hapa hapa. I promise."

Baba akaisimamisha pasi.

"Karatasi imeomba ahadi moja," alisema. "Hizo nyingine nani kakuomba?"

Akaligeuza shati, akaanza mkono wa kushoto, na alikuwa akizungumza huku macho yake yakiwa kwenye kitambaa.

"Mimi nilipoondoka nilimwambia bibi yako miaka miwili. Sikumdanganya. Nilikuwa na hakika, kama ulivyo na hakika wewe sasa hivi. Akawaambia watu, mwezi wa sita mwanangu anarudi. Ukapita. Akawaambia mwezi wa sita unaofuata. Mwisho watu wakaacha kumwuliza, wakawa wanamwonea haya."

Mimi nilikuwepo. Kila mwaka mwezi wa sita bibi alikuwa akinipa ufagio, ananituma nikafagie chumba cha nje, nitoe utando wa buibui, nianike godoro. Nilikuwa na miaka sita, miaka saba, na nilidhani ni usafi wa nyumba, kwamba kila nyumba ina mwezi wake wa kufagia chumba cha nje. Bibi alifariki mwaka uliofuata baada ya mimi na mama kuondoka. Sikumwambia baba hayo ya ufagio siku ile, na sijamwambia hadi leo.

"Ningemwambia nakwenda, basi, angelia siku ile moja," baba alisema. "Nilimwachia tarehe. Kwa hiyo wewe usiniahidi kurudi. Ukija, umekuja, tutakula. Niambie kama unakwenda tu."

Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kumkumbatia, na kwetu hayo mawili hayafanywi saa tisa mchana mbele ya ubao wa pasi. Nikasema nilichoulizwa.

"Nakwenda, Baba."

Akachomoa waya wa pasi ukutani, akavaa miwani, akaisoma fomu yote tena kana kwamba hii mpya imebadilishwa maneno, akasaini. Sahihi yake ilikuwa ndogo, ya kusomeka, jina zima, kama ya mwanafunzi. Akavaa shati likiwa bado la moto, akaenda kazini.

Kipindi cha kungoja kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Mama aliacha kuitaja Annandale, akaanza kuuliza huko milimani kuna baridi kiasi gani, akaninunulia koti kwenye duka la bei nafuu, akisema kwamba hata nisipokwenda koti litavaliwa. Jumapili kanisani anti aliwaambia watu wote kwamba nimeapply, hata wasiouliza. Mjomba alipiga simu kila wiki kuuliza kama kuna barua, na kila mara alinikumbusha kwamba lile jambo lilipita kikaoni kihalali. Nilikuwa na furaha, ndiyo neno lenyewe. Nilikuwa nimeshasema ninachokitaka mbele ya watu wangu wote, kimeandikwa kwenye daftari, na kilichobaki hakikuwa mikononi mwangu.

Bahasha ilikuja siku moja katikati ya Desemba, nene, nami niliikuta nilipochelewa kutoka shule, baba ameshaenda kazini, imejikunja ndani ya kisanduku cha barua kwa sababu haikuenea. Niliifungulia pale pale chini kwenye ngazi, glavu mdomoni. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikapanda ghorofa tatu bila kuhisi ngazi, nikampigia mama, ambaye alipiga vigelegele katikati ya nyumba ya wazee hadi nikasikia bibi mmoja wa Kimarekani akiuliza kama kuna moto.

Kisha nikampigia baba. Simu ya ghala la mizigo ilipokelewa na mtu mwingine, nikangoja, nikisikia magari ya kunyanyulia mizigo yakirudi nyuma kwa mlio wao na watu wakiitana. Baba akaja akihema.

"Kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima. Baba, wamenikubali."

Nilidhani hakusikia kwa sababu ya kelele, nikarudia kwa sauti zaidi.

"Nimesikia," alisema. "Basi umeshakwenda, mwanangu."

Nikataka kumwambia bado, ni mwezi wa nane, kuna miezi minane mizima ya kukaa mezani na kuzozana. Lakini alikuwa ameshaondoa simu mdomoni, na nilimsikia akiwatangazia wenzake kwa Kiingereza, kwa sauti ya kushinda magari yote yale, kwamba binti yake anaondoka.